Mkutano Brussels, Mzigo Horohoro

Kiongozi wetu akirudi kutoka mkutano wa Ulaya, sisi huku vyuoni huwa tunapata vitu vitatu: picha akipeana mikono na wakubwa, sentensi moja kwamba mazungumzo yalikwenda vizuri, na ubishi wa usiku mmoja kwenye korido za hosteli. Wa siasa wanasema tumeuzwa. Wa uchumi wanasema tumepata soko. Wa sheria wanauliza kama kuna hata mmoja wetu aliyeusoma mkataba wenyewe. Kesho yake bumu linatoka, na hoja inakufa.

Leo nataka kurudi kwenye ubishi mmoja wa aina hiyo: Mkataba wa Ubia wa Kiuchumi kati ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na Umoja wa Ulaya, ambao wengi wanaujua kwa kifupi chake, EPA. Mwaka 2016 Tanzania iligoma kuusaini. Mmoja wa watu walioeleza kwa kina sababu za kugoma alikuwa Rais mstaafu Benjamin William Mkapa. Ukiyafuata maelezo yake na kuyaweka karibu na tarehe na takwimu, unapata somo zuri la jinsi diplomasia ya mikutano ya wakubwa inavyofanya kazi.

Somo hilo haliishii Brussels. Mimi kwetu ni Maramba, wilaya ya Mkinga, chini ya milima ya Usambara Mashariki. Kwetu Kenya ni jirani wa kweli kweli. Rafu moja ya duka ina sabuni ya Dar na biskuti ya Mombasa. Ukoo mmoja wa Kidigo una watu Mkinga na watu Lungalunga na Vanga. Harusi inafanyika upande huu, msiba unapigwa upande ule. Likizo moja mjomba wangu, anayehangaika na biashara ya machungwa, aliniuliza swali fupi: "Hebu mjomba nieleze wewe unayesoma. Hii EPA wenzetu wamesaini, sisi hatujasaini. Sasa mzigo ukifika Horohoro unakuwa wa nani?" Nilijiumauma. Haya hapa majibu ambayo ningempa siku ile kama ningekuwa nimefanya kazi yangu.

Mpaka uliotokana na barua

Tuanze na mpaka wenyewe. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilikubaliana kwa kuandikiana barua jinsi ya kugawana maeneo ya ushawishi Afrika Mashariki. Mstari ulianzia kwenye mdomo wa mto Umba, ukapanda hadi Ziwa Jipe, ukauzunguka mlima Kilimanjaro kwa upande wa kaskazini, ukaenda kuishia Ziwa Victoria. Sultani Barghash wa Zanzibar, ambaye pwani hiyo ilikuwa chini yake, hakuwa mmoja wa walioandikiana. Aliletewa makubaliano yakiwa tayari, akayakubali Desemba mwaka huo huo.

Huo ndio asili ya mpaka wa leo kati ya Mkinga na Kwale. Watu walioishi pande zote mbili za mstari hawakuulizwa. Kwa hiyo mtu wa kwetu akisikia kwamba kuna mkutano Ulaya unaotuhusu, ana sababu ya kuuliza nani alikuwa mezani na nani aliletewa majibu. Swali hilo tutalirudia.

EPA ilitoka wapi?

Wengi tuliisikia EPA mwaka 2016 tukadhani imezuka ghafla. Ina ukoo mrefu. Tarehe 24 Septemba 1969 Tanzania, Kenya na Uganda zilisaini Mkataba wa Arusha na Jumuiya ya Uchumi ya Ulaya, ambayo wakati huo ilikuwa na nchi 6 tu. Mwaka 1975 ukaja Mkataba wa Lomé, ulioziweka pamoja nchi za Afrika, Karibiani na Pasifiki. Chini ya Lomé bidhaa zetu nyingi ziliingia Ulaya bila ushuru, na sisi hatukulazimika kuwafungulia Wazungu milango kwa kiwango hicho hicho.

Mpango huo ulikuja kugongana na kanuni za Shirika la Biashara Duniani. Kanuni zinasema huwezi kuwapendelea wateja wachache uliowachagua kwa sababu ya historia, ukawaacha maskini wengine nje. Ndipo ukaja Mkataba wa Cotonou, uliosainiwa Juni 2000. Ndani yake kulikuwa na ahadi kwamba upendeleo wa zamani utadumu hadi mwisho wa mwaka 2007 tu, na kwamba pande mbili zitajadiliana mikataba mipya ambayo kila upande utafungua soko lake. Mikataba hiyo mipya ndiyo EPA.

Afrika Mashariki ilijadiliana kama kundi moja. Novemba 2007 wawakilishi waliweka herufi za majina yao kwenye mkataba wa muda, na mazungumzo ya mkataba kamili yakamalizika Oktoba 2014. Makubaliano yenyewe kwa kifupi: Ulaya inafungua soko lake lote kwa bidhaa zetu isipokuwa silaha, sisi tunafungua soko letu kwa asilimia 82.6 ya thamani ya bidhaa zinazotoka Ulaya, hatua kwa hatua ndani ya miaka 25. Asilimia 17.4 iliyobaki inaendelea kulindwa kwa ushuru.

Mtu akisikia asilimia 82.6 anaruka. Atulie kidogo. Zaidi ya nusu ya bidhaa hizo, kama vile mashine, dawa na malighafi za viwandani, tayari zilikuwa zinaingia kwa ushuru sifuri. Ubishi wa kweli ulikuwa juu ya zile zilizobaki katikati: bidhaa ambazo leo tunazitoza, na ambazo kesho huenda tukataka kuzitengeneza wenyewe.

Msimu wa joto wa 2016

Ratiba ilikuwa kwamba nchi zote za Jumuiya zisaini pamoja Nairobi, Julai 2016, wakati wa mkutano mkuu wa biashara na maendeleo wa Umoja wa Mataifa. Siku chache kabla, Wizara yetu ya Mambo ya Nje ikatangaza kwamba Tanzania haitasaini. Mojawapo ya sababu zilizotolewa ilikuwa kwamba Waingereza walikuwa wamepiga kura Juni 23 kujitoa Umoja wa Ulaya, na haikuwa wazi tunasaini na Ulaya ipi.

Tarehe 1 Septemba Kenya na Rwanda zikasaini zenyewe. Wiki moja baadaye, Septemba 8, wakuu wa nchi za Jumuiya wakakutana Dar es Salaam, Rais John Magufuli akiwa mwenyekiti. Hapa inabidi uielewe kanuni ya mkutano wa wakuu wa Jumuiya: uamuzi hupatikana kwa wote kukubaliana, hakuna kupiga kura za wengi wape. Mmoja akikataa, hakuna kinachotoka. Kilichotoka siku hiyo kilikuwa ombi la miezi 3 zaidi, na ombi kwa Ulaya kwamba Kenya isiadhibiwe wakati wenzake wanafikiri.

Ndugu msomaji, ukiona taarifa ya mkutano inasema "wakuu waliomba muda zaidi wa kutafakari", soma hivi: hawakukubaliana. Hiyo ndiyo lugha ya diplomasia. Hakuna mtu anayeandika kwenye taarifa rasmi kwamba ndugu walitofautiana.

Novemba suala likafika Bungeni Dodoma. Kabla ya mjadala, wabunge walipewa semina na wasomi wa vyuo vikuu, kisha wabunge wa chama tawala na wa upinzani wakasimama upande mmoja, jambo ambalo miaka ile halikuwa la kawaida: wakashauri Serikali isisaini. Rais Magufuli naye baadaye akaifananisha EPA na ukoloni.

Mkapa alisema nini?

Mkapa hakuwa mtu wa kudandia hoja. Alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje mara mbili, akawa Rais kuanzia 1995 hadi 2005, na baada ya hapo akaongoza bodi ya South Centre, taasisi ya Geneva inayozishauri nchi za Kusini kwenye majadiliano kama haya haya. Alipoandika kupinga EPA mwaka 2016, hoja zake zilikuwa za mtu aliyezijua meza hizo. Nazifupisha kwa maneno yangu.

Kwanza, Tanzania haikuwa na cha kupata kipya. Iko kwenye orodha ya Umoja wa Mataifa ya nchi zenye maendeleo duni zaidi, na tangu 2001 Ulaya inaziruhusu nchi hizo kuingiza kila kitu isipokuwa silaha bila ushuru wala kikomo. Kama mlango uko wazi, kwa nini ulipie kiingilio?

Pili, viwanda. Ushuru wa Pamoja wa Forodha wa Afrika Mashariki wakati huo ulikuwa na ngazi 3: malighafi asilimia 0, bidhaa zilizo nusu njia asilimia 10, bidhaa zilizokamilika asilimia 25. Hiyo 25 ndiyo ukuta unaomkinga mwenye kiwanda kidogo. Ukiuondoa, anashindana na kiwanda cha Ulaya chenye mtaji, umeme wa uhakika na uzoefu wa miaka mia.

Tatu, mapato. Ushuru wa forodha ni sehemu ya fedha za Serikali. Ukipungua, pengo lazima lizibwe na kodi nyingine, na sisi wa mikopo ya elimu ya juu tunajua pengo likitokea nani anaambiwa asubiri.

Nne, kodi ya kuuza nje mali ghafi. Tanzania inatoza korosho ghafi inayokwenda nje ili ibanguliwe hapa. Chini ya EPA, nchi inayotaka kuanzisha kodi mpya ya aina hiyo inaruhusiwa kwa bidhaa chache tu, kwa muda na kwa masharti.

Tano, na kwangu hii ndiyo nzito kuliko zote, soko la bidhaa zetu za viwandani haliko Ulaya. Ulaya inanunua kahawa, tumbaku na samaki. Anayenunua kilichotengenezwa Tanzania ni jirani wa Kiafrika. Kwa hiyo ukilidhoofisha soko la majirani ili ulipate la Ulaya, umeharibu pale unapouzia kazi ya mikono yako.

Watu wa Tanga hawahitaji kufundishwa hoja hii. Mkonge uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, miche 62 tu ndiyo iliyofika hai, na ndani ya miaka 70 Tanganyika ikawa inaongoza duniani. Tulisafirisha nyuzi, wenzetu wakasokota kamba na kufuma mazulia. Nyuzi za plastiki zilipokuja, bei ikaanguka na mashamba yakageuka pori. Mwalimu Nyerere alipenda kuupima ulimwengu kwa kuuliza trekta moja linanunuliwa kwa tani ngapi za mkonge, na kila mwaka tani zilikuwa zinaongezeka.

Simulizi ya upande mmoja

Sasa tuje kwenye kazi ya msomi. Hoja za Mkapa ni nzito, lakini maelezo ya kiongozi yana mahali yalipotolewa. Mambo matatu ni ya kuweka pembeni yake.

La kwanza ni Cotonou. Ahadi ya kujadili EPA iliingia kwenye mkataba mwaka 2000, na Rais wa Tanzania mwaka huo alikuwa Mkapa mwenyewe. Simwiti kigeugeu. Nchi moja kati ya zaidi ya 70, inayotafuta kufutiwa madeni, haina nguvu ya kuigomea meza nzima. Mtu aliyestaafu anaweza kusema ambacho aliye Ikulu hawezi. Ila lazima msomaji ajue kwamba mbegu ilipandwa akiwepo. Mkapa mwenyewe hakuogopa kukiri makosa: kwenye kitabu cha maisha yake, My Life, My Purpose, kilichozinduliwa Dar es Salaam Novemba 2019, miezi minane kabla ya kifo chake, anatazama pia maamuzi ya utawala wake yaliyokwenda kombo.

La pili ni Kenya. Kenya haimo kwenye orodha ya nchi zenye maendeleo duni, hivyo ule mlango wa bure si wake. Mwisho wa mwaka 2014, kuanzia Oktoba 1 hadi siku ya Krismasi, maua na mboga za Kenya zilitozwa ushuru Ulaya kwa sababu EPA ilikuwa imechelewa. Weka hapo vibarua wa Naivasha wanaokata maua. Tunaposema "hatuna cha kupata", tunasema kweli kwa upande wetu wa Umba. Upande wa pili walikuwa na cha kupoteza.

La tatu ni kwamba mlango wetu wa bure ni wa muda. Siku Tanzania itakapoondolewa kwenye orodha hiyo, Ulaya hutoa miaka 3 ya mpito, kisha mlango wa bure unafungwa. Sote tunataka nchi ipande daraja. Basi hoja ya kwanza ya Mkapa ina tarehe ya mwisho, hata kama haijaandikwa kwenye kalenda. Anayeitegemea aseme pia siku hiyo tutafanya nini.

Hoja ya viwanda nayo inatudai. Ukuta wa asilimia 25 una maana kama nyuma yake kuna mtu anajenga. Tukigoma kusaini ili kulinda viwanda, halafu machungwa ya Muheza yakaendelea kuondoka kwenye malori yakiwa machungwa na juisi ikarudi kwenye maboksi, tutakuwa tumelinda uwanja mtupu.

Mzigo ukifika Horohoro

Februari 2021 wakuu wa Jumuiya wakakubaliana kwamba nchi iliyo tayari iendelee na Ulaya peke yake, na wengine wataungana baadaye wakitaka. Kenya ikaendelea. Mkataba wake na Umoja wa Ulaya ulisainiwa Nairobi Desemba 18, 2023, na ukaanza kutumika Julai 1, 2024.

Hapo ndipo swali la mjomba linapata uzito. Mwaka 2004 Arusha, marais Mkapa, Kibaki na Museveni walisaini itifaki ya Umoja wa Forodha, uliotuambia kwamba bidhaa ya nje ikiingia mlango wowote wa Jumuiya inatozwa ushuru ule ule. Ukiingilia Mombasa au Tanga, hakuna tofauti. Sasa Kenya inashusha ushuru kwa bidhaa za Ulaya taratibu ndani ya miaka 25, na sisi hatushushi.

Tuchukulie bidhaa ya Ulaya yenye thamani ya shilingi 100,000 ambayo hapa inatozwa asilimia 25. Ikishushwa bandari ya Tanga inalipa 25,000. Siku itakapofika zamu yake kwenye jedwali la Kenya, ikishushwa Mombasa italipa sifuri. Mfanyabiashara yeyote mwenye akili ataipitisha Mombasa kisha kuivusha Lungalunga. Kwa hiyo jibu la mjomba ni hili: mzigo wa Ulaya uliopita Kenya hauwi wa Kenya. Afisa wa forodha pale Horohoro anatakiwa autoze kama vile umetoka nje moja kwa moja, na mwenye mzigo ndiye anayepaswa kuthibitisha ulitengenezwa wapi. Unaovuka bila ushuru ni ule tu wenye cheti kwamba umezalishwa ndani ya Jumuiya.

Kwenye karatasi ni rahisi. Kwa anayelijua eneo lenyewe si rahisi hivyo. Kuna kituo cha pamoja cha mpakani na lami ya kilomita 65 hadi Tanga mjini, na kuna njia za miguu na pikipiki ambazo bibi zetu walizitumia kabla ya barua za 1886. Kadiri tofauti ya ushuru kati ya pande mbili inavyokua, ndivyo njia hizo zinavyolipa. Na ukaguzi ukikazwa, anayesimamishwa kwanza ni mama mwenye ndoo mbili za biskuti za Mombasa, kwa sababu mwenye lori ana wakala wa kumjazia fomu. Hilo ndilo deni ambalo uamuzi wa 2016 na uamuzi wa 2021 vimeliacha mpakani, na sijaona taarifa ya mkutano inayolitaja.

Tusome vipi?

Sisemi Tanzania ilikosea kugoma. Ukiniuliza, nitakwambia hoja za 2016 zilikuwa sahihi kwa mwaka 2016. Ninachosema ni kwamba tulizipokea kama ushindi wa mpira, tukashangilia na kuondoka uwanjani, wakati kazi ya kulinda viwanda na kulinda umoja wa forodha ilikuwa ndiyo kwanza inaanza.

Kiongozi mwingine atarudi kutoka Brussels, Paris au Berlin na simulizi yake. Kabla ya kushabikia, tumuulize mambo manne. Alikuwa na cheo gani jambo lilipokubaliwa, na ana cheo gani anapolisimulia? Nani hakuwa mezani lakini ataletewa majibu? Jirani anapata au anapoteza nini pale sisi tunaposema hatupotezi? Na je, ratiba ya utekelezaji inasema nini mwaka wa 10 na mwaka wa 25, ambapo aliyesaini hatakuwa madarakani na sisi ndio tutakuwa na familia?

Maandishi ya mkataba wa Kenya na Ulaya yako wazi, mtu yeyote anaweza kuyapakua. Ni marefu kuliko desa lolote ulilowahi kukesha nalo. Usianze na utangulizi, maana utangulizi wa kila mkataba ni mzuri. Anza na viambatisho vya ushuru, tafuta bidhaa inayotoka kwenu, kisha rudi nyuma. Mimi nimeanza na juisi ya machungwa. Likizo ijayo nikifika Maramba, mjomba akiuliza tena, angalau hilo moja sitalijiumauma.